Nyumba ya Askari: Utangulizi wa Historia ya Walinzi, Wafungwa na Jamaa Zao

Anayeingia katika fani hii kwa mara ya kwanza huja akitarajia vita. Hufungua kitabu kuhusu King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, au kuhusu jeshi la Wajerumani, akakuta majina ya makamanda, ramani zenye mishale na hesabu ya mizinga. Mke wa askari hatamwona. Watoto hatawaona. Mfungwa aliyekuwa akilindwa naye atatajwa kwa jumla jumla, idadi bila uso. Sisi tunaanzia pale ambapo vitabu hivyo huchoka, yaani kwenye mlango wa kibanda cha askari. Nani alimpikia? Mkewe alitoka wapi, na je, alikuja kwa hiari yake au alitekwa? Watoto waliandikishwa kuwa wa kabila gani, wa dini gani, wa nchi gani? Na siku askari alipokufa au kuachishwa kazi, watu wake walilala wapi usiku ule?

Maswali haya huonekana madogo. Mimi nayaona ndiyo makubwa. Dai nitakalolitetea ni kwamba jeshi la kikoloni na gereza la kikoloni katika Afrika Mashariki vilibebwa na kaya za askari, na watawala walilijua hilo fika. Mke na watoto ndio waliomwezesha askari kuishi kwa mshahara mdogo mbali na kwao. Mke na watoto hao hao ndio waliomzuia asitoroke. Kwa hiyo ukitaka kujua kwa nini askari alitii, au kwa nini siku moja aligoma kutii, usianzie kwenye gwaride.

Pengine utauliza kwa nini niwakaribishe watu wa Mghange katika somo hili. Mghange iko juu kwenye vilima vya Taita, upande wa Mwanda, kwenye ukungu na mashamba ya miteremko, na hapo penyewe hakuna ngome wala kambi. Lakini shuka barabara ya Wundanyi na Mwatate hadi Voi, kisha chagua upande wowote. Ukienda magharibi utapita Maktau, Mbuyuni na Salaita hadi Taveta, uwanja wa vita tangu 1914 hadi 1916. Ukifuata reli kuelekea Nairobi utafika Manyani, palipokuwa na kambi kubwa ya mahabusu wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipopambana na Mau Mau. Ukifuata reli kuelekea Mombasa utafika Mackinnon Road, kambi nyingine ya wakati huo huo. Kusini uko mlima Kasighau, ambao watu wake walihamishwa kwa nguvu na serikali. Na Mwanda penyewe, jirani kabisa, panakumbukwa kwa Mwangeka wa Malowa, aliyewakabili watu wa IBEA, yaani Imperial British East Africa Company, mwanzoni mwa miaka ya 1890 hadi wakamuua. Sidhani kuna kaunti nyingi nchini zenye ushahidi wa somo hili uliolala karibu karibu namna hii.

Hata hivyo mlango mzuri wa kuingilia uko Mombasa. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Ureno ya wakati ule ilikuwa na desturi ya kumhukumu mhalifu kuhamishwa ng'ambo, na wengi wa wahamishwa hao walitiwa jeshini katika ngome zake za Afrika na India. Maana yake ni kwamba chini ya bendera hiyo walikuwamo watu waliotumikia adhabu huku wameshika bunduki. Mlinzi na mfungwa walikuwa mtu mmoja. Wanafunzi wangu hulipokea jambo hili kama kioja cha zamani. Nawaomba waliweke akilini, kwa kuwa litarudi katika karne ya 20 likiwa limevaa nguo nyingine.

Mwaka 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome hiyo. Maradhi yaliwamaliza waliokuwa ndani upesi kuliko mizinga. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 Wareno wa ngomeni walikuwa wamekwisha, na ulinzi ukabaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika wapatao 50. Jahazi za msaada zilikuja Septemba, mzingiro ukaendelea, na ngome ikaanguka Desemba 1698. Vitabu vya historia ya pwani huitaja hesabu hiyo na kupita. Wewe simama hapo. Wanawake 50 kwa wanaume 26! Wale walikuwa wake, watumwa, wapishi, wachota maji? Kwa siku kadhaa ngome maarufu kuliko zote katika pwani yetu ilikuwa, kwa hesabu ya vichwa, ngome ya wanawake na ukoo mmoja wa Waswahili. Ukiisoma habari ya mzingiro kwa jicho hilo huwezi tena kuiita vita vya Wareno na Waarabu tu.

Waingereza waliifanya Fort Jesus gereza mwaka 1895, na ikabaki gereza hadi 1958. Leo ni jumba la makumbusho, na wageni wengi huuliza habari za mizinga.

Somo letu lina ndugu zake mbali. Huko Australia, ambako meli 11 za Uingereza zilifika mwaka 1788 zikiwa na wafungwa zaidi ya 700 na kikosi cha askari wa majini wa kuwalinda, wanahistoria wamemfuata askari mmoja mmoja kupitia orodha za posho, vitabu vya ubatizo na hati za mashamba. Baadhi ya askari walikuja na wake zao. Wengine walizaa na wanawake waliokuwa wafungwa, na baada ya kizazi kimoja hukuweza kumtambua mtoto wa mlinzi na mtoto wa mlindwa. Askari wa kikosi kilichofuata walishika biashara ya pombe na mashamba kiasi cha kumpindua gavana wao, William Bligh, Januari 1808. Kisiwa cha Robben nacho, ambacho dunia inakijua kwa chumba cha Nelson Mandela, kilikuwa na kijiji kizima cha familia za askari jela, chenye shule na kanisa. Naitaja mifano hii kwa sababu ya mbinu zake. Orodha ya posho ni hati ya ajabu: afisa aliyeiandika alitaka kujua kilo za unga tu, lakini bila kukusudia ametuachia sensa ya nyumba.

Turudi kwetu. Mwaka 1889 afisa Mjerumani Hermann von Wissmann aliajiri mjini Cairo Wasudani wapatao 600 waje kupigana na Abushiri bin Salim na watu wa Mrima. Vita hivyo Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alivitungia utenzi, nao ni ushahidi wa Mswahili aliyeona mambo kwa macho ya waliovamiwa. Wasudani wale wengi walikuja na wake na watoto. Miaka miwili baadaye, 1891, Frederick Lugard, akiitumikia IBEA, alifika Kavalli karibu na Ziwa Albert akawakuta waliosalia wa jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Misri huko Equatoria, wakiongozwa na Selim Bey. Aliwachukua kuwa askari wa Uganda. Wenye bunduki walikuwa mia kadhaa. Waliotembea nyuma yao, wake, watoto, watumishi na watumwa, walihesabiwa kwa maelfu. Lugard alidhani ameajiri kikosi. Kwa kweli alikuwa amehamisha mji mzima.

Mji huo ndio ulioasi 1897, na tukio hilo nalipenda kuliko yote katika somo hili, maana ndani yake kila kitu kinaonekana waziwazi. Askari wa Kisudani wa Uganda walikuwa wamechoka. Walikuwa ndiyo kwanza wametoka kupigana na Kabaka Mwanga huko Buddu. Mshahara wao ulikuwa rupia 4 kwa mwezi, ukilipwa kwa vitambaa, tena kwa kuchelewa, ilhali wapagazi wa pwani walipata zaidi ya hapo. Ndipo wakaamriwa wamfuate Major Macdonald katika msafara mrefu wa kaskazini ambao haukuelezwa vizuri unakwenda wapi, na kuhusu wake na watoto jibu likawa wabaki. Huko Eldama Ravine, Septemba 1897, sehemu ya kikosi iligoma. Walirudi magharibi hadi ngome ya Luba huko Busoga, wakajifungia humo pamoja na jamaa zao, na mnamo Oktoba wakamuua Major Thruston, afisa aliyejua lugha yao na aliyeamini kuwa wangemsikiliza. Mapigano yaliendelea hadi 1898, na serikali ililazimika kuleta wanajeshi kutoka India.

Ripoti za wakati ule ziligombana juu ya chanzo: mshahara, uchovu, uongozi mbaya. Vyote vilikuwapo. Lakini fikiria malalamiko hayo kutoka upande wa nyumba. Rupia 4 za nani? Za mtu mmoja kambini zingeweza kutosha. Za mtu mwenye wake, watoto na wategemezi hazitoshi. Uchovu wa nini? Wa kutembea bila mpishi, bila mtu wa kukufunga jeraha, huku hujui ni nani anayeingia nyumbani kwako ulikotoka. Askari wale hawakuwa na kijiji cha kurudi. Kaya zao ndizo zilikuwa nchi yao, na waliambiwa waiache nyuma. Baada ya maasi mshahara ulipandishwa. King's African Rifles ilipoundwa rasmi Januari 1902, maafisa wake walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba mke wa askari ni jambo la usalama wa dola.

Ndipo zilipokuja laini. Mtu yeyote aliyekulia karibu na kituo cha polisi Kenya anazijua: safu za vyumba vya namna moja, kuta zikitazamana, sauti ya jirani ikisikika kama yako. Katika laini za KAR askari aliomba ruhusa kabla ya kumleta mke, na wake waliokubaliwa walikuwa na idadi. Mke aliyeleta fujo angeweza kufukuzwa kambini, na adhabu ya mke ikamshika mume. Timothy Parsons, katika kitabu chake cha 1999 kuhusu askari wa kawaida wa KAR, ameeleza kwa urefu jinsi jeshi lilivyoingia jikoni na chumbani mwa askari. Kwa upande wa Wajerumani msomaji aanze na Michelle Moyd, aliyechapisha kitabu chake 2014. Moyd anaonyesha askari akijijengea heshima kwa kukusanya watu: wake, watoto, maboi, wategemezi, katika vijiji vilivyokaa ubavuni mwa boma. Mshahara ulikuwa njia ya kufikia ubwana wa nyumba.

Hapa sina budi kusema jambo lisilopendeza, kwa sababu fani hii huvutia watu wanaotaka kuwasafisha babu zao. Si kila mwanamke aliyeitwa mke wa askari alichagua kuwa mke. Wengine walitekwa katika vita vya kutiisha watu, hasa katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambapo vyakula vilichomwa na wanawake wakachukuliwa. Nyumba ya askari ilikuwa kimbilio la wengine na kifungo cha wengine, mara nyingi ndani ya boma moja. Anayeandika historia ya kaya hizi kwa lugha ya harusi na upendo peke yake hajamaliza kazi, na anayewaandika wanawake wote kuwa mateka hajamaliza pia, kwani wapo walioolewa kwa mahari, waliofanya biashara ya pombe na chakula, na waliowaacha waume wao walipoona hakuna faida.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta mambo haya hadi miguuni mwa vilima vya Taita. Wajerumani waliishika Taveta Agosti 1914. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kambi zikaota Maktau na Mbuyuni, na tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walitimuliwa kwenye kilima cha Salaita kabla ya Taveta kurudi mikononi mwa Waingereza mwezi uliofuata. Makaburi ya vita ya Voi, Maktau na Taveta yanatunzwa hadi leo, nyasi zikikatwa vizuri. Watalii huyajua. Habari ya Kasighau wengi hawaijui. Mwaka 1915 serikali iliwashuku watu wa mlima huo kuwa waliwasaidia Wajerumani, ikawakusanya wazee, wanawake na watoto, ikawapeleka Malindi. Wengi walifia huko kwenye joto na maradhi wasiyoyazoea, na waliosalia hawakupata kurejea mlimani hadi miaka ya 1930. Kwa maneno mengine, hapa petu mahali pa adhabu hapakuwa jengo. Palikuwa mji wa pwani ambao wakulima wa milimani walitupwa ndani yake, kaya nzima nzima, kwa kosa ambalo hakuna mahakama iliyolisikiliza.

Upande wa pili wa mstari wa vita, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alirudi nyuma hadi kuvuka Mto Ruvuma Novemba 1917 kuingia Msumbiji. Alijaribu kupunguza idadi ya wanawake katika msafara, kwa kuwa walikula chakula na kupunguza mwendo. Hakufaulu. Walitembea na waume zao, wakapewa msimamizi, wakajifungua njiani na kuamka kesho yake kuendelea na safari. Aliposalimisha silaha Abercorn, Novemba 1918, alikuwa na askari zaidi ya 1,100 na mamia ya wanawake. Kisha askari hao wakafanywa mateka na kupelekwa Tabora. Waliokuwa walinzi wakageuka walindwa, na jamaa zao wakawa pamoja nao.

Katika vita hivyo alikuwamo mtoto mmoja ambaye maisha yake, kwangu mimi, yanabeba uzito wa fani nzima. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam 1904. Baba yake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Wajerumani. Baba alipokwenda vitani mtoto alikwenda naye, akatumikia jeshini akiwa bado mvulana. Baba alikufa. Mwaka 1929 kijana huyo alifika Berlin, sasa akijiita Bayume Mohamed Husen, akadai mshahara wake na wa baba yake ambao haukuwahi kulipwa. Madai yalikataliwa. Alikaa Berlin akifanya kazi ya uhudumu wa mikahawa, akifundisha Kiswahili katika chuo, akiigiza katika sinema. Mwaka 1933 alimwoa Maria Schwandner na wakapata watoto. Sheria za rangi za Manazi zilimnyima haki moja baada ya nyingine. Alikamatwa 1941, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst ndiye aliyeyafufua maisha yake katika kitabu cha 2007, na mwaka huo huo kijiwe cha shaba chenye jina lake kilitiwa kwenye njia ya watembea kwa miguu mbele ya nyumba aliyoishi Berlin.

Angalia jinsi habari hiyo inavyosomeka tofauti ukiianzia nyumbani. Wengi humweleza Husen kama mhanga wa Manazi, na ni kweli. Lakini kabla ya hapo alikuwa mtoto wa laini, aliyerithi kutoka kwa baba yake madai dhidi ya dola iliyotumia nguvu zake na kukataa kumlipa. Alikwenda Berlin kama mrithi yeyote aendavyo kudai haki ya marehemu.

Warithi wengine walibaki Afrika. Nairobi iliwapa askari wastaafu wa Kisudani mahali pa kukaa katika msitu wa Kibera, na mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Askari alijenga, akapanda, akaoa, akazikwa humo. Hati ya kumiliki hakupewa. Tume ya ardhi ya miaka ya 1930 ilisema wanakaa kwa ridhaa ya serikali tu. Kizazi baada ya kizazi mji ulikua, ardhi ikamegwa, na wajukuu wa askari wakajikuta wakiulizwa na makarani wao ni raia wa wapi. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Wanubi, kama wazao wa askari hao wanavyoitwa, katika suala la uandikishaji na uraia. Mwaka 2017 jumuiya yao ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Toa hesabu mwenyewe. Wengi wanaotaja Kibera leo hawajui kuwa wanataja malipo ya uzeeni ya askari.

Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam ziliwekewa sanamu za shaba za askari miaka ya 1920. Nimezizunguka zote tatu nikitafuta mwanamke, nikawapata wanaume watupu.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, gereza lilimeza nchi. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, na maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru wakapakiwa kwenye magari ya moshi kuelekea Mackinnon Road na Manyani. Waliwekwa madaraja kwa rangi, weupe, kijivu na weusi, kadiri walivyodhaniwa kuwa na msimamo. Homa ya matumbo ilizuka Manyani mwaka huo huo. J.M. Kariuki, aliyezuiliwa humo, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa 1963. Caroline Elkins, katika kitabu cha 2005 kilichopata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, alikusanya masimulizi ya wengi zaidi, wakiwamo wanawake waliofungwa Kamiti na waliohamishiwa vijiji vya lazima. Kesi iliyofunguliwa London na wazee walioteswa ilimalizika Juni 2013 kwa Serikali ya Uingereza kukubali kuwalipa wadai 5,228 pamoja na gharama za kesi, jumla ya pauni milioni 19.9.

Kuna kambi moja inayogusa somo letu kuliko nyingine zote: Hola, kando ya Mto Tana. Hapo serikali ilikusudia kuwatia wale iliowaona hawarekebishiki, wachimbe mifereji ya umwagiliaji na kuishi uhamishoni moja kwa moja, na walioonekana watulivu waletewe jamaa zao. Ilikuwa koloni la adhabu kwa maana yake kamili, la kisasa, lenye michoro ya wahandisi. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa hadi kufa walipokataa kufanya kazi, na taarifa ya kwanza ya serikali ikayahusisha mauti hayo na maji waliyokunywa. Baadaye jina la mahali likabadilishwa kuwa Galole. Siku hizi ni Hola tena.

Walioshika marungu siku ile walikuwa askari wa magereza, Waafrika, chini ya amri ya maafisa Wazungu. Idara ilikuwa imeajiri watu wengi kwa haraka tangu 1953, mafunzo kidogo, mshahara kidogo, na kwa kawaida mtu hakupangiwa kulinda watu wa kwao. Vitabu vingi vimewaweka askari hawa katika sentensi moja tu, ile ya marungu. Siwatetei. Nasema tu kwamba mwanahistoria anayekomea hapo hataeleza ilikuwaje kijana wa miaka 20, aliyetoka kijiji cha mbali kutafuta karo ya mdogo wake, akafika kwenye sentensi hiyo. Wala hataeleza alichosema kwa mkewe jioni.

Basi utaanzia wapi wewe uliye Mghange, Werugha au Mbale, una simu, daftari na nauli ya kufika Voi?

Anza na karatasi zilizo karibu. Misheni zilitangulia serikali hapa: CMS (Church Missionary Society) ilifika Sagalla 1883 na Wakatoliki Bura 1892. Vitabu vya ubatizo na ndoa huandika jina la baba, la mama na mahali, na mara nyingine kazi. Kisha kuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, ambako faili za wilaya zina barua za maombi: mjane anadai mshahara wa marehemu, askari mstaafu anaomba leseni ya duka, chifu analalamika kuwa vijana waliotoka jeshini hawasikii. Kule Uingereza, nyaraka zilizofichwa Hanslope Park zilianza kufunguliwa 2012 kwa sababu ya ile kesi ya wazee, na zinahusu Manyani pia. Usidharau ngoma. Terence Ranger aliandika kitabu kizima 1975 kuhusu beni, ngoma ya mabendi iliyoenea na askari na wapagazi, na Margaret Strobel, 1979, akaonyesha wanawake wa Mombasa wakijipa vyeo na sare katika vyama vya lelemama.

Kisha nenda kwa watu, na uende na adabu. Katika kata moja ya Taita, au ya Nyeri, utakuta mjukuu wa aliyelindwa na mjukuu wa aliyelinda wanakaa kiti kimoja kanisani, na wakati mwingine wote wawili ni mtu mmoja, babu wa upande wa baba na babu wa upande wa mama. Usiwakutanishe kwa ajili ya maikrofoni yako. Wahoji mbali mbali, kila mmoja nyumbani kwake, na ueleze mapema sauti itahifadhiwa wapi na nani ataisikia. Jina la aliye hai liandike kwenye daftari lako, si kwenye makala.

Kwa nyanya aliyeishi laini usianze na vita. Ukiuliza vita atakuitia babu, hata kama babu hakuwahi kusimulia lolote. Muulize posho ilikuwa vikombe vingapi, na nani alipima. Muulize chumba kilikuwa na mlango au gunia. Muulize mshahara ulifika nyumbani siku ngapi baada ya mwisho wa mwezi, na dukani deni liliandikwa kwa jina la nani. Muulize waliitwa nani na watu wa pale, na walipohamishwa waliacha nini. Andika na anayoyaruka. Ukimaliza, muombe ruhusa uangalie picha zake, na kila picha uigeuze nyuma: wapiga picha wa kambini waligonga mihuri huko, na muhuri una jina la mji na mara nyingine una mwaka.